Benjamin Franklin na Njia ya Umeme

Ikiwa unakaa Muheza, au umewahi kupita huko ukitoka Tanga kwenda Korogwe, bila shaka umeiona michungwa mingi iliyopandwa mashambani na kando ya nyumba. Msimu wa machungwa ufikapo, wachumaji hupanda juu ya miti, wengine huegemeza ngazi, na wengine hushika ngoe, yaani mti mrefu wenye ndoano, ili kuyavuta matunda yaliyo mbali. Juu ya baadhi ya michungwa hiyo hupita nyaya za umeme. Mbayuwayu hutua juu ya nyaya hizo, hujipanga mstari mmoja, hupumzika, kisha huruka wakaenda zao. Lakini mchumaji aliyesimama ardhini, akiugusa waya uleule kwa ngoe ya chuma, aweza kufa papo hapo.

Kwa nini ndege apone na mtu afe? Weka swali hili moyoni unaposoma sura hii.

Tazama pia ukuta wa nje wa nyumba yenye umeme, karibu na mita. Mara nyingi utaona waya mmoja unateremka ukutani mpaka chini, nao umefungwa kwenye fimbo ya metali iliyopigwa ndani ya ardhi. Fimbo hiyo haiwashi taa wala haipashi pasi moto. Kwa sababu hiyo, mtu anayechimba msingi wa chumba kipya au shimo la taka huweza kuikata kwa jembe, akidhani ni chuma kilichosahauliwa na mafundi. Mtu wa namna hiyo hajui kazi ya fimbo ile. Ili wewe uijue, yafaa kwanza umjue mtu aliyefundisha ulimwengu kuupeleka umeme ardhini kwa fimbo ya chuma. Jina lake ni Benjamin Franklin.

Franklin alizaliwa tarehe 17 Januari, 1706, katika mji wa Boston, Amerika ya Kaskazini. Wakati huo nchi tuiitayo Marekani ilikuwa haijaundwa, na Boston ulikuwa mji katika koloni la Uingereza. Baba yake, Josiah, alikuwa akitengeneza mishumaa na sabuni kwa mafuta ya wanyama. Josiah alikuwa na watoto 17, na Benjamin alikuwa mdogo kuliko wavulana wote. Katika nyumba yenye watoto 17, gharama za shule si jambo dogo. Benjamin alisoma shuleni kwa miaka miwili tu. Alipotimiza umri wa miaka 10 aliondolewa shuleni, akawekwa katika karakana ya baba yake kukata tambi za mishumaa. Hakuipenda kazi hiyo hata kidogo.

Alichokipenda ni vitabu. Baba yake alipoliona jambo hilo, alimpeleka kwa kaka yake aitwaye James, aliyekuwa mpiga chapa, ili ajifunze kazi hiyo. Benjamin alikuwa na miaka 12. Alipanga herufi za metali mchana, na usiku alisoma vitabu vya kuazima, kisha akavirudisha asubuhi. Hata hivyo, James alikuwa mkali, na ndugu hawa hawakupatana. Mwaka 1723, akiwa na miaka 17, Benjamin alitoroka. Alifika katika mji wa Philadelphia akiwa amechoka, ana njaa, na fedha kidogo sana mfukoni.

Huko alifanya kazi kwa bidii hata akapata kiwanda chake mwenyewe cha kupiga chapa, na baadaye gazeti lake. Hakuwa mtu wa kujali faida yake peke yake. Mwaka 1731 aliwaunganisha wenzake wakaanzisha maktaba, kila mmoja akitoa fedha za kununulia vitabu. Mwaka 1736 alisaidia kuanzisha kikosi cha watu wa kuzima moto, kwa maana moto ukianza katika nyumba moja uliweza kuenea katika nyumba nyingine. Likumbuke jambo hili la moto, kwa kuwa tutalirudia.

Alipokuwa na umri wa miaka 40 hivi, maktaba ile ilipokea zawadi kutoka London. Ilikuwa ni bomba la kioo, pamoja na maelezo ya namna ya kulisugua ili litoe umeme. Wewe pia umewahi kuuona umeme wa namna hiyo. Chukua kitana cha plastiki, kisugue kwenye nywele zako kavu, kisha kikaribishe kwenye vipande vidogo vya karatasi. Vipande hivyo huruka vikashikamana na kitana. Franklin alisugua bomba lile, akaona cheche ndogo na kusikia sauti ya kupasuka, akastaajabu. Tangu siku ile hakuweza kufikiri jambo jingine. Watu walijaa nyumbani kwake kuyatazama majaribio yake. Mwaka 1748 alimwachia mshirika wake shughuli za kiwanda, ili apate nafasi ya kujifunza.

Chombo alichokitumia zaidi kilikuwa chupa ya Leyden, iliyopewa jina la mji mmoja wa Uholanzi. Ni chupa ya kioo iliyofunikwa kwa metali nyembamba upande wa ndani na upande wa nje, tena ina waya utokao ndani na kupita mdomoni. Kioo hakipitishi umeme. Kitu kama hicho huitwa kihami. Metali hupitisha umeme kwa urahisi. Nayo huitwa kipitishi. Basi umeme ukijazwa katika chupa, unakaa ukingoja, kwa maana kioo kinauzuia kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mara tu mtu anapouunganisha upande wa ndani na upande wa nje kwa kipitishi, umeme hupita kwa ghafula na cheche kubwa huonekana. Franklin alizipa pande hizo mbili majina, nayo ndiyo asili ya maneno chanya na hasi unayoyasikia watu wakiyataja wanapozungumza habari za betri.

Sasa tumefika kwenye usiku ambao Franklin alikaribia kufa.

Ilikuwa tarehe 23 Desemba, 1750, siku mbili kabla ya Krismasi. Franklin alitaka kuwaonyesha wageni wake namna ya kumchinja bata mzinga bila kisu, yaani kwa umeme. Alikuwa na chupa mbili kubwa zilizojaa umeme unaolingana na ule wa chupa 40 za kawaida. Chumba kilikuwa kimejaa watu. Walizungumza wao kwa wao, tena walizungumza naye, naye alikuwa akiwajibu huku akifanya kazi. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mnyororo uliounganishwa na upande wa nje wa chupa zote mbili. Kwa kutokuangalia, aliupeleka mkono wake wa pili kwenye nyaya za juu, zilizotoka upande wa ndani.

Je, umetambua alichokifanya? Ameunganisha pande mbili za chupa, na kipitishi alichokitumia ni mwili wake mwenyewe.

Wageni waliona mwanga mkubwa, wakasikia mshindo kama wa bastola. Franklin mwenyewe hakuona wala hakusikia chochote, kwa sababu fahamu zilimpotea mara moja. Zilipoanza kumrudia, aliona mwili wake wote ukitetemeka kwa nguvu asiweze kuuzuia. Mikono na shingo yake vilikufa ganzi mpaka kesho yake asubuhi. Mahali umeme ulipoingilia mkononi palitokea uvimbe mdogo wa mviringo. Kifua kilimwuma kwa muda wa juma zima, kana kwamba amepigwa kwa fimbo.

Bata mzinga alinusurika usiku ule.

Siku mbili baadaye Franklin aliandika barua kueleza yaliyompata. Alikuwa na haya, kwa maana aliyajua mambo ya umeme kuliko watu wengi wa wakati wake, naye amefanya kosa ambalo angemkataza mtoto. Hakutaka habari hizo zienee. Hata hivyo alikubali kwamba rafiki mmoja, aliyekuwa akifanya majaribio kama yake, aelezwe ili ajihadhari. Tendo hilo lastahili kusifiwa. Mtu aliyeponea ajali ya umeme akinyamaza kwa aibu, mwenzake atalirudia kosa lilelile.

Hebu tulitazame kosa hilo kwa makini, kwa sababu hutokea hata leo katika nyumba zetu. Umeme hupita pale tu unapopata njia iliyokamilika, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mbayuwayu aliyetua juu ya waya mmoja ameshika waya huo tu, wala hakuna sehemu ya mwili wake inayogusa ardhi, nguzo au waya mwingine. Umeme hauna njia ya kupita ndani yake ili ufike mahali pengine. Lakini ndege mkubwa akitandaza mabawa yake na kugusa nyaya mbili kwa pamoja, huanguka akiwa amekufa. Na mtu je? Juu ya baadhi ya nguzo umeona transfoma, lile sanduku kubwa la chuma lipunguzalo nguvu ya umeme kabla haujaingia majumbani. Hapo kwenye transfoma waya mmoja umeunganishwa na ardhi. Kwa hiyo ardhi yenyewe ni sehemu ya njia ya umeme. Mtu aliyesimama ardhini tayari ameshika upande mmoja, kama Franklin alivyoshika mnyororo. Akigusa waya wenye umeme, ameshika na upande wa pili.

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230, nao watosha kabisa kuusimamisha moyo wa mtu. Umeme wa nyaya kubwa zipitazo mashambani ni wa volti 11,000 au 33,000. Ngozi kavu huuzuia umeme kidogo, lakini ngozi iliyolowa hauzuii sana. Ndiyo sababu mtu anayekoroga saruji miguu mitupu, huku waya wa kurefushia umeme umelala ndani ya tope karibu yake, yumo hatarini kuliko mtu aliyesimama sakafuni pakavu akiwa amevaa viatu. Ukiwaona watu wakifanya hivyo nyumbani kwenu, usione haya kusema, ingawa wao ni wakubwa wako.

Fikiri kwamba wazazi wako wanaitengeneza nyumba. Wanataka kutoboa tundu ukutani ili watundike kabati. Ukuta ni mkavu na laini, hakuna kitu kinachoonekana. Lakini ndani yake, kutoka kwenye swichi kwenda juu na kutoka kwenye soketi moja kwenda nyingine, nyaya zimepita katika mabomba membamba na kufunikwa kwa lipu. Msumari ni kipitishi, na mkono unaoushika umeunganika na miguu iliyosimama sakafuni. Msumari ukiingia katika waya, njia imekamilika. Kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta, kuondoa soketi ili kupaka rangi, au kupandisha mabati mapya karibu na waya uingiao nyumbani, umeme hukatwa kwanza kwenye swichi kuu, na anayefanya kazi huhakikisha kwamba hakuna mtu atakayeiwasha wakati kazi inaendelea. Waya ule utokao kwenye nguzo mpaka nyumbani haukatiki kwa swichi yenu. Ukikatiza kazi, wenye kuushughulikia ni mafundi wa Shirika la Umeme, TANESCO. Kazi ya nyaya zenyewe ni ya fundi umeme mwenye leseni. Si kazi ya mwashi, wala ya mchoraji rangi, wala yako.

Tumrudie Franklin. Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa radi. Cheche ya chupa ni nyeupe, huenda kwa kupindapinda, hutoa sauti, huyeyusha metali nyembamba na kuua wanyama. Radi hufanya hayo yote, ila kwa nguvu nyingi zaidi. Je, yawezekana radi ni umeme uleule? Franklin aliandika shauri la kulijaribu jambo hilo kwa fimbo ndefu ya chuma, na maandishi yake yakafika Ufaransa. Tarehe 10 Mei, 1752, katika kijiji cha Marly, karibu na Paris, fimbo ya chuma yenye urefu wa mita 12 hivi ilisimamishwa. Wingu la mvua lilipopita, mlinzi wa fimbo alitoa cheche kutoka kwenye fimbo hiyo. Franklin alikuwa amesema kweli.

Kabla hajazipata habari hizo, Franklin mwenyewe alifanya jaribio jingine, mwezi Juni mwaka uleule. Alirusha tiara, ambayo wengine huiita kishada, wakati mawingu ya radi yalipokuwa yakikusanyika. Mwanawe William alimsaidia. Mwisho wa kamba alifunga ufunguo wa metali, na baada ya ufunguo alifunga utepe wa hariri. Kamba ililowa mvua ikawa kipitishi. Hariri aliyoishika mkononi ilibaki kavu, kwa sababu alisimama ndani ya kibanda, nayo ikawa kihami. Alipokikaribisha kidole kwenye ufunguo, cheche ilitoka. Tiara ile haikupigwa na radi. Ilipokea umeme kidogo tu uliokuwa hewani chini ya wingu. Kama radi ingeipiga, utepe wa hariri usingemwokoa, na wewe usingekuwa unasoma habari zake katika kitabu hiki.

Usidhani kwamba hilo ni neno la kukutisha tu. Tarehe 6 Agosti, 1753, katika mji wa St. Petersburg, Urusi, mwanasayansi Georg Wilhelm Richmann alisimama nyumbani kwake karibu na fimbo iliyotoka darini na kuishia chumbani. Alitaka kuupima umeme wa mawingu. Fimbo yake ilikuwa haikuunganishwa na ardhi. Radi ilipopiga, ilishuka kwa fimbo mpaka chumbani, ikatafuta njia ya kwenda chini, ikaipata kwa kupitia kwa Richmann. Alikufa pale pale. Basi wewe usirushe tiara karibu na nyaya za umeme au wakati wa mawingu ya radi, na tiara ikinasa kwenye nyaya, iache iozee huko.

Kifo cha Richmann kilidhihirisha jambo ambalo Franklin alikuwa amekwisha kulieleza kwa watu wa Philadelphia. Fimbo ikamatayo umeme na isiufikishe ardhini ni mtego. Fimbo ile ile, ikiufikisha ardhini, ni ngao. Mwishoni mwa mwaka 1752 Franklin alipiga chapa maelezo mepesi ambayo mtu yeyote aliweza kuyafuata. Upande mmoja wa fimbo ya chuma uingie katika ardhi yenye unyevu kiasi cha mita moja. Upande wa pili upande juu ya paa kiasi cha mita mbili, ukiwa na ncha kali. Radi ikija, itapita katika chuma mpaka ardhini, wala haitapasua ukuta wala kuwasha paa. Kumbuka kwamba mtu huyu alikuwa amekizoea kikosi cha kuzima moto, na alijua nyumba inavyoteketea. Hakudai malipo kwa uvumbuzi huo. Kila mtu aliruhusiwa kuutumia. Kwa Kiswahili fimbo hiyo twaiita kingaradi.

Nyumbani kwake mwenyewe, hata hivyo, Franklin hakuanza vizuri. Mwaka 1752 aliweka fimbo juu ya paa lake, lakini waya wake aliupitisha ndani ya nyumba, kando ya ngazi, akaukata karibu na mlango wa chumba chake na kuweka kengele mbili ndogo. Wingu lenye umeme lilipopita, kengele zililia, naye akajua kwamba wakati wa majaribio umefika. Kwake lilikuwa jambo la kupendeza. Mkewe Deborah hakulipenda. Franklin aliposafiri kwenda London na kukaa huko miaka mingi, Deborah alibaki na kengele zinazolia zenyewe usiku wa mvua, na cheche zikiruka mlangoni. Alimwandikia mumewe kulalamika, naye Franklin akamweleza namna ya kuunganisha waya ili kengele zinyamaze. Kwa maoni yetu, Deborah alikuwa na haki, na mwanasayansi ndiye aliyekosea. Njia ya umeme haipitishwi mahali wanapopita watu.

Ajali na makosa ya watu wengine pia yalimfundisha. Mwaka 1760 nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Philadelphia ilipigwa na radi. Ilikuwa na kingaradi. Ncha ya fimbo iliyeyuka, lakini nyumba haikudhurika. Watu waliokuwa karibu waliuona umeme ukitandaa juu ya barabara iliyolowa mvua, mita mbili hivi kutoka chini ya fimbo. Franklin alipopata habari hizo hakufurahi tu; alijiuliza kwa nini umeme umetandaa juu badala ya kuzama. Akaona kwamba huenda udongo wa chini ulikuwa mkavu, na fimbo ilipaswa kuingia ndani zaidi mpaka ikutane na unyevu. Katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1767, alishauri fimbo ipite nje ya ukuta, ishuke mpaka kwenye ardhi yenye unyevu, na huko chini iende mbali na msingi wa nyumba.

Sasa twaweza kurudi Muheza na kuitazama ile fimbo iliyo kando ya ukuta. Si kingaradi, ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Lakini kanuni yake ni ileile. Ukiitazama plagi ya pasi, utaona ina meno matatu. Meno mawili huuleta umeme na kuurudisha. Jino la tatu limeunganishwa na mwili wa chuma wa pasi, na kwa kupitia soketi na waya wa ukutani linafika kwenye fimbo iliyo ardhini. Waya huu huitwa waya wa ardhi, na katika nyaya nyingi una rangi ya kijani yenye mistari ya manjano. Siku zote waya huo hauna kazi. Siku ambayo ganda la waya ndani ya pasi litaungua, umeme utaingia katika mwili wa chuma wa pasi. Hapo waya wa ardhi utauchukua umeme huo kwa wingi, na fyuzi au swichi ya usalama itaukata. Mwenye pasi atashangaa tu kwamba pasi yake imezimika. Kama fimbo imekatwa na jembe, au fundi wa ovyo amelivunja jino la tatu ili plagi iingie katika soketi ya matundu mawili, njia ya kwenda ardhini ni mtu anayepiga pasi.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba uani, wakubwa wako waulizane: fimbo ya ardhi iko wapi? Je, kuna waya uliofukiwa unaokwenda kwenye banda au kwenye pampu ya maji? Na kabla ya kuchuma machungwa au kukata matawi, inueni macho mtazame juu. Mti mbichi una maji ndani yake, na mbele ya volti 33,000 hata ngoe ya mwanzi haiaminiki. Tawi lililogusa waya mkubwa huachwa, na TANESCO huitwa. Ukiona waya umeanguka baada ya upepo, usimame mbali, mita 10 au zaidi, uwazuie wenzako, umwite mtu mzima. Ukimwona mtu ameshikwa na umeme nyumbani, usimguse, kwa maana utaungana naye katika njia ileile. Kimbia uzime swichi kuu, au piga kelele aizime aliye karibu nayo.

Umeme uwashao taa za Muheza hutoka katika gridi ya taifa, na baadhi ya vituo viuzalishao viko jirani kabisa, kwenye Mto Pangani. Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, na Kituo Kipya cha Pangani kilianza mwaka 1995. Franklin hakuwahi kuona taa ya umeme. Katika maisha yake yote alisoma na kuandika kwa mwanga wa mishumaa, kama ile aliyoikatia tambi utotoni.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya siasa. Mwaka 1776 alikuwa mmoja wa watu waliotia saini tangazo la uhuru wa Marekani, kisha akaenda Ufaransa kuiwakilisha nchi yake mpaka mwaka 1785. Lakini si haki kukueleza mema yake tu. Mtu huyu aliyedai uhuru alikuwa na watumwa weusi nyumbani kwake kwa miaka mingi, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watu. Sisi tunaokaa karibu na Pangani, bandari ambako misafara ya watumwa ilifika kutoka bara, hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Uzeeni alibadilika. Mwaka 1787 aliongoza chama cha kupinga utumwa, na mwezi Februari, 1790, alitia saini ombi kwa Bunge la Marekani kwamba utumwa ukomeshwe. Bunge halikulikubali ombi hilo. Franklin alikufa Philadelphia tarehe 17 Aprili, 1790, akiwa na umri wa miaka 84.

Ukirudi nyumbani leo, kama kwenu kuna umeme, mwombe mzazi au mlezi wako akuonyeshe swichi kuu ilipo, kisha mzunguke nje mkaitafute fimbo ya ardhi. Kama kwenu hakuna umeme, mwombe mwalimu awaonyeshe ile ya shule au ya zahanati. Tazama kwa macho tu, mikono ikiwa nyuma. Chora katika daftari lako ukuta, mita, waya na fimbo. Ukiona waya umekatika au fimbo imeng'oka, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo ili fundi aitwe, na mtu yeyote asichimbe hapo mpaka fundi afike.